Nusu Sekunde: Stori ya Wanaotusagia Programu

Ijumaa Kuu ya mwaka 2024 iliangukia tarehe 29 Machi. Ilipokaribia saa moja jioni Nairobi, waliokuwa wa kwenda mashambani kwa Pasaka walikuwa wameshaondoka, au bado wako stejini wanabishana na makanga kuhusu nauli iliyopanda ghafla. Upande wa pili wa dunia, San Francisco, ilikuwa bado asubuhi. Mhandisi mmoja anayeitwa Andres Freund alituma barua pepe kwenye orodha ya wazi inayosomwa na watu wa usalama wa kompyuta. Alikuwa amegundua kwamba programu ndogo inayoitwa xz ilikuwa imetiwa mlango wa nyuma, na mlango huo ulielekea kwenye seva za Linux dunia nzima. Wasimamizi wengi wa mitambo walikatiza likizo usiku huohuo.

Freund hakuwa mpelelezi. Kazi yake Microsoft ilikuwa kushughulikia hifadhidata ya PostgreSQL, na siku hizo alikuwa anapima kasi yake. Ukitaka kupima kasi vizuri lazima mashine itulie, kama vile huwezi kupima joto la mtoto anayerukaruka. Mashine yake ilikataa kutulia. Programu ya sshd, ile inayokufungulia seva ukiwa mbali, ilikuwa inakula nguvu za kompyuta kuliko kawaida, hata pale mtu alipokosea jina akafukuzwa papo hapo. Kuingia kulikokuwa kunachukua kama sekunde 0.3 sasa kulichukua 0.8. Nusu sekunde. Wengi wetu tungelaumu mtandao, tuendelee na chai.

Stori hii imesimuliwa sana kama ya upelelezi: jamaa mmoja, nusu sekunde, dunia ikaokoka. Ni stori tamu na ni ya kweli. Lakini inaruka sehemu ambayo mimi naona ndiyo kiini chake, nayo ni mahali ambapo sumu iliwekwa. Haikuwekwa kwenye msimbo wenyewe, ule ambao mtu yeyote angeweza kuufungua akausoma. Iliwekwa kisiagini.

Wacha nieleze. Msimbo ni maandishi ya programu vile mwandishi aliyaandika. Mashine haiwezi kuyala hivyo, kama wewe usivyoweza kupika ugali wa mahindi mabichi kutoka guniani. Lazima yasagwe. Kuna programu zinazokusanya faili za msimbo, kuzigeuza kuwa lugha ya mashine, kuzipitisha kwenye majaribio, kisha kufunga kila kitu kwenye kifurushi chenye namba ya toleo. Hiyo ndiyo kazi ya kujenga, kujaribu na kutoa programu. Haina sifa. Hakuna anayepandishwa jukwaani kwa sababu kisiagi hakikukwama mwaka mzima. Kikikwama, hapo ndipo simu zinaanza kuita.

Historia ya visiagi hivi inaanza kwa hasira. Mwaka 1976, kwenye maabara za Bell Labs kule Marekani, Steve Johnson aliingia ofisini mwa mwenzake Stuart Feldman akifoka. Alikuwa amepoteza asubuhi nzima akitafuta kosa kwenye programu ambayo haikuwa na kosa. Alikuwa amelirekebisha zamani, ila alisahau kusaga upya faili moja, kwa hiyo alikuwa anajaribu unga wa jana huku anasoma mahindi ya leo. Feldman mwenyewe alikuwa amepatwa na balaa hilohilo. Wikendi ile akaandika programu akaiita make. Akili yake ni nyepesi mno: inatazama saa ambayo kila faili iliguswa mara ya mwisho, na ikiona msimbo ni mpya kuliko kilichosagwa, inakisaga tena. Kile ambacho hakijabadilika inakiacha.

Make ina sheria moja iliyotesa vizazi. Mstari wa amri lazima uanze kwa kitufe cha Tab. Ukiweka nafasi za kawaida, ambazo kwa macho zinafanana kabisa na Tab, inagoma. Feldman alijua mapema kwamba huo ulikuwa uamuzi mbaya. Lakini wiki chache baada ya kuiandika tayari alikuwa na watumiaji kama dazeni moja, na hakutaka kuwavurugia kazi. Dazeni moja! Kwa ajili ya hao wachache, leo mwanafunzi anayejifunza C huko Juja anapoteza saa nzima akitafuta kosa lisiloonekana. Mwaka 2003 Feldman alipewa tuzo ya ACM kwa ajili ya make, na aliistahili. Ninachopenda kwenye stori ya Tab ni kwamba inaonyesha tabia ya kazi hii tangu utotoni: kinachoingia kisiagini hakitoki, kwa sababu kila mtu anaogopa kugusa kitu ambacho kinasaga.

Miaka ya themanini ilileta shida nyingine. Kila kampuni ilikuwa na Unix yake, na kila Unix na visirani vyake. Programu iliyosagika vizuri kwa mashine ya huyu iligoma kwa ya yule. Mwaka 1991 David MacKenzie, aliyekuwa akifanyia kazi Free Software Foundation, akaanza kuandika Autoconf. Hii haikusagii unga, inakutengenezea mkaguzi: hati ndefu inayoitwa configure, ambayo kabla ya kusaga inaiuliza mashine maswali chungu nzima. Una kompaila gani? Una maktaba hii? Na ile? Kama umewahi kusakinisha programu ya Linux kwa mkono, umeona mistari hiyo ikitiririka kwenye skrini, mamia yake, ukaenda kutafuta kitu cha kula.

Hati hiyo haiandikwi na binadamu. Autoconf inaizalisha kwa kutumia lugha ya zamani inayoitwa m4, iliyotengenezwa na Brian Kernighan na Dennis Ritchie mwaka 1977. Inaweza kuwa na maelfu ya mistari, na sura yake inatisha. Kwa kuwa inazalishwa, miradi mingi haiihifadhi pamoja na msimbo. Mlezi wa mradi anaizalisha siku ya kutoa toleo jipya, anaifungasha ndani ya kifurushi, anatia sahihi, anapandisha. Kwa hiyo ikawa kawaida kabisa kwamba kifurushi kinachotolewa kina faili ambazo hazimo kwenye hifadhi ya msimbo. Hakuna aliyeuliza, kwani wa kuulizwa ni mlezi, na mlezi ni mtu tunayemwamini.

Shika hapo, tutarudi.

Si kwamba hatukuonywa. Ken Thompson, mmoja wa waliounda Unix, alipopokea tuzo ya Turing alitoa mhadhara uliochapishwa 1984, na badala ya kujisifu alieleza jinsi ya kufanya uhalifu. Chukua kompaila, akasema, ifundishe kwamba kila ikisaga programu ya kuingilia kwenye mashine, itie nenosiri la siri. Kisha ifundishe kwamba ikisaga kompaila nyingine, iipe ujanja huohuo. Baada ya hapo futa ushahidi kwenye msimbo. Msimbo unabaki safi kabisa, usome mpaka macho yaume, lakini kila unga unaotoka una sumu, na kila kisiagi kipya kinazaliwa nayo. Kwa miaka mingi mhadhara ule ulisomwa vyuoni kama chemshabongo, kitu cha kuwashangaza wanafunzi kabla ya mapumziko.

Desemba 2020 chemshabongo ikawa habari. Wavamizi walikuwa wameingia kwenye mfumo wa kujengea programu wa kampuni ya Marekani ya SolarWinds. Kila programu ya Orion ilipoanza kusagwa, faili moja ilibadilishwa kimyakimya, na kazi ilipoisha ile halali ikarudishwa. Kampuni ikatia sahihi yake halali juu ya toleo hilo na kuwatumia wateja. Wateja hadi 18,000 walipokea, zikiwemo idara za serikali ya Marekani. Na hiki kilikuwa kisiagi cha tajiri, chenye walinzi na bajeti.

Kisiagi cha xz hakikuwa na bajeti yoyote.

Kazi ya xz ni kubana faili ili zichukue nafasi ndogo. Karibu kila Linux inaitumia, hasa kwenye kufunga vifurushi vya programu nyingine. Mlezi wake, Lasse Collin wa Finland, alikuwa ameishughulikia kwa zaidi ya miaka kumi, bila malipo, baada ya saa za kazi. Mwishoni mwa 2021 mtu mwenye jina la Jia Tan akaanza kumtumia marekebisho madogo madogo. Yalikuwa mazuri. Miezi michache baadaye, katikati ya 2022, yakazuka majina mengine kwenye orodha ya barua pepe ya mradi, majina ambayo hayajulikani kwingine, yakilalamika. Mbona marekebisho yanachelewa? Mbona mradi umelala? Si ampe mtu mwingine kama amechoka?

Collin alijibu kwa upole. Alieleza kwamba hajaacha kuujali mradi, ila uwezo wake umepungua, hasa kwa sababu ya matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili, na akakumbusha kwamba hii ni kazi ya kujitolea isiyolipwa. Akataja kwamba Jia Tan amekuwa akisaidia na huenda akapewa nafasi kubwa zaidi. Leo watafiti wengi wanaamini walalamishi wale walikuwa vikaragosi wa mtu au kikundi kilekile. Inawezekana. Kinachonikera mimi ni kwamba hawakuhitaji kubuni lugha mpya. Nenda kwenye mradi wowote wa programu huria utakuta watu halisi, wenye kazi na mishahara, wanaandika vivyo hivyo kwa mtu asiyewadai hata senti. Vikaragosi walijificha ndani ya utovu wetu wa adabu wa kila siku.

Jia Tan akawa mlezi mwenza. Na angalia alichojitwika: si sehemu ya kifahari ya hesabu za kubana, bali majaribio, hati za kujengea, matoleo. Kazi ambazo ukiona mtu anazitaka unashukuru Mungu bila kuuliza maswali. Kufikia 2023 ndiye aliyekuwa anatoa matoleo. Julai mwaka huo alipeleka ombi kwenye mradi wa OSS-Fuzz wa Google, ambao kazi yake ni kuzirushia programu huria takataka mfululizo kuona kama zitavunjika, akiomba kipengele fulani kizimwe wakati xz inajaribiwa. Likakubaliwa. Kipengele hicho ndicho baadaye kingetumika kufungulia mlango.

Tarehe 23 Februari 2024 aliongeza faili za majaribio. Programu ya kubana inahitaji faili zilizoharibika makusudi, ili kuhakikisha inazikataa bila kuanguka. Faili hizo ni mchanganyiko wa baiti usiosomeka, na majina yake yanasema wazi kwamba ni mbovu. Nani atakagua kitu kilichoandikwa nje kwamba ni kibovu? Sumu ilikuwa mle, imebanwa, imelala. Peke yake haingefanya lolote.

Siku iliyofuata toleo 5.6.0 likatoka. Ndani ya kifurushi, lakini si kwenye hifadhi ya msimbo, kulikuwa na faili moja ya m4 iliyobadilishwa kidogo, ikiitwa build-to-host.m4. Hapa ndipo nilipokuambia tutarudi. Aliyelinganisha kifurushi na hifadhi angeona tofauti, lakini tofauti ni jambo la kawaida tangu enzi za Autoconf, na m4 ndiyo lugha ambayo hata mafundi wakongwe huipita wakiangalia pembeni. Wakati wa kusaga, mstari ule uliamsha faili mbovu ya majaribio, ukatoa hati iliyofichwa ndani yake, hati ikatoa kipande kilichokwisha kusagwa, na kipande hicho kikaunganishwa na maktaba ya xz. Sumu ilikuwa hata na adabu ya kuchagua. Ilijitokeza tu kama unasaga kwenye Linux ya x86-64, kwa kompaila ya GCC, ukitengeneza vifurushi vya aina ya Debian au Red Hat. Mtu aliyekuwa anajaribu kwake nyumbani alipata unga safi. Gunia la kwenda supamaketi ndilo lililotiwa.

Na xz inahusianaje na kuingia kwenye seva? Kwa haki haihusiani. OpenSSH yenyewe haitumii xz. Lakini baadhi ya wasambazaji wa Linux, Debian wakiwemo, walikuwa wameiongezea sshd kiunganishi cha systemd, na systemd nayo ilikuwa inabeba maktaba ya xz. Ni kama ujirani wa plotini: humjui mtu wa nyumba ya nne, lakini bomba la maji ni moja. Kupitia bomba hilo, kipande kile kiliteka hatua ambapo sshd inakagua ufunguo wa anayebisha hodi. Aliyekuwa na ufunguo mmoja wa siri angeweza kuamuru seva ifanye lolote. Wengine wote wangebisha bure.

Kuna kitu kimoja ambacho kila nikikikumbuka nacheka kwa uchungu. Tarehe 26 Februari, kwenye faili nyingine ya kujengea, Jia Tan aliongeza nukta. Nukta moja, peke yake mwanzoni mwa mstari. Mstari huo ulikuwa sehemu ya jaribio dogo linaloangalia kama mashine ina ulinzi unaoitwa Landlock. Kwa nukta ile jaribio lilishindwa kila mara, na ulinzi ukazimwa bila kelele, kana kwamba mashine haina. Feldman alituachia Tab isiyoonekana kwa nia njema. Huyu alituachia nukta.

Toleo la kwanza lilikuwa na kasoro. Valgrind, chombo cha kukagua matumizi ya kumbukumbu, kilianza kulalamika, na watu wakaripoti. Tarehe 9 Machi likatoka 5.6.1 kurekebisha, na baada ya hapo msukumo ukaongezeka. Tarehe 25 jina jingine liliwaomba Debian wachukue toleo jipya. Tarehe 28 Jia Tan mwenyewe akawaomba Ubuntu, ambao walikuwa wanajiandaa kutoa 24.04 mwezi uliofuata. Barua ya Freund ilitoka kesho yake. Kufikia hapo sumu ilikuwa imefika Debian ya majaribio, Fedora Rawhide, openSUSE Tumbleweed na Kali. Matoleo imara, yale ambayo benki na hospitali hutumia, yalikuwa bado hayajaguswa. Hitilafu ikapewa namba CVE-2024-3094 na alama 10, ya juu kabisa.

Usisome haya ukidhani ni mambo ya watu wa mbali. Ukikodi seva leo, iwe ya duka lako la mtandaoni au ya jarida kama hili, kuna uwezekano mkubwa inaendesha Linux na fundi wako anaingia kwa SSH. Vifurushi vyake vimesagwa na mtu ambaye hamjawahi kuonana.

Baada ya hapo ikawa kusafisha. Canonical, wenye Ubuntu, walisogeza toleo la beta wiki moja mbele ili wasage upya vifurushi kwenye mazingira safi. Watu wakaanza kuuliza kama si bora kusaga moja kwa moja kutoka hifadhi ya msimbo na kuachana na vifurushi vya mlezi. Wengine walielekeza macho kwa harakati iliyoshika kasi ndani ya Debian kuanzia 2013, chini ya watu kama Lunar, aliyefariki Novemba 2024. Nia yake ni kwamba mahindi yaleyale yakisagwa kwenye visiagi viwili tofauti lazima yatoe unga uleule, baiti kwa baiti. Kinga hiyo ingemnasa aliyeivamia SolarWinds. Jia Tan isingemnasa, kwa kuwa gunia lenyewe lilifika kisiagini likiwa na sumu, na visiagi viwili vingesaga sumu ileile na kukubaliana vizuri kabisa. Waliofanya kazi ya kusoma tofauti kati ya kifurushi na hifadhi, mstari kwa mstari, hiyo m4 isiyopendwa ikiwemo, ndio wangekuwa na nafasi. Hiyo ni kazi ya mikono na ya muda, na mwenye muda huo anahitaji kulipwa na mtu.

Jia Tan alinyamaza, na mpaka leo hakuna aliyejitokeza kuwa ndiye. Collin alikuwa mapumzikoni barua ya Freund ilipotoka. Alirudi, akaanza kupitia kila badiliko ambalo mlezi mwenza wake alikuwa ameingiza kwa miaka miwili, mazuri na mabaya, kwa kuwa sasa mazuri nayo yalikuwa na shaka. Tarehe 29 Mei 2024, miezi miwili kamili baadaye, alitoa toleo 5.6.2. Kwenye orodha ya mabadiliko kuondolewa kwa mlango wa nyuma kumepewa mstari mmoja, kisha orodha inaendelea na hitilafu nyingine ndogo ndogo zilizorekebishwa.